Njia Fupi ya Umbwe

Filbert alitandaza ramani ya mlima mezani, akaweka kikombe cha chai kwenye kona moja na simu kwenye nyingine ili isijikunje. Ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya stendi ya Moshi, nusu ofisi nusu stoo, na tulikaa katikati ya mahema yaliyorudi juzi kutoka mlimani, bado yananuka unyevu. Tulikuwa watatu. Filbert mwenyewe, anayeendesha kampuni ndogo ya kupandisha wageni; shangazi yake Eufrasia, ambaye Kibosho nzima inamwita Mama Novati; na mimi Baltazari.

Mimi nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nirudi Kibosho. Kabla ya hapo nilizunguka miaka thelathini na kitu, Mererani, Tanga kwenye mkonge, Mwanza, Kigoma, nikifanya kila kazi inayotaka mikono na isiyouliza cheti. Siku ile sikuitwa kwa heshima ya mvi. Niliitwa kwa sababu ujanani nilikuwa mgumu, ndivyo sisi wapagazi wa mlimani tunavyojiita, na katika kundi lililopanda na Severini, mume wa Mama Novati, mwaka wa themanini na tatu, aliyebaki hai ni mimi peke yangu.

"Shangazi, angalia hapa," Filbert alisema. "Njia ziko nyingi. Hii Marangu, unalala kwenye vibanda, kitanda na godoro. Hii Rongai, inatokea upande wa Kenya, kavu, haina ukorofi. Lemosho ni ndefu, siku nane, ila mwili unapata nafasi ya kuzoea. Machame ni panda shuka, panda shuka. Miguu inakutukana lakini kichwa hakiumi sana."

"Na hii?"

"Hiyo Umbwe. Hiyo isahau. Hiyo ni ngazi ya mizizi. Wagumu wangu nikiwatajia Umbwe, nusu yao wanaanza kuharisha."

"Ndiyo aliyopanda Severini."

"Walikuwa vijana, shangazi. Na walikuwa wajinga kidogo, samahani mzee Balta."

"Kidogo umetupunguzia," nikasema.

Mama Novati akacheka, kisha akashika kifua, akasubiri pumzi irudi. Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Alikuwa na miaka sitini na minne, na daktari wa moyo alikuwa amemwandikia karatasi ambayo Filbert aliiweka juu ya ramani kama mtu anayeweka karata ya mwisho. Asipande mlima, asibebe mzigo, ngazi za ghorofa azipande kwa kupumzika.

"Daktari hakumzika Severini," alisema, akaisukuma ile karatasi pembeni. "Filbert, mimi sitaki kilele. Kileleni kuna nini, kibao. Nataka nifike Baranko, pale kwenye hema alipofia. Nikae kidogo, nisali, nirudi. Mwaka kesho sitaweza tena, naona mwenyewe. Kama si sasa, basi sitapaona."

"Baranko ni karibu mita elfu nne."

"Si nitakwenda polepole."

"Kwa Machame unafika siku ya tatu, lakini kabla ya hapo unapita juu zaidi, halafu ndiyo unateremka." Filbert alijikuna kidevu. Alimpenda shangazi yake, yeye ndiye aliyemlea. "Kwa moyo huo, shangazi, sijui. Naweza kukupandisha na miguu yako nikakushusha na machela."

Halafu akanigeukia. "Mzee Balta, wewe ndiye unayepajua mahali penyewe. Mbona umenyamaza kama jiwe? Sema, tumpitishe wapi?"

"Ngoja nifikirie."

"Shemeji anafikiria," Mama Novati akasema. "Amekaa kila mkoa wa nchi hii, sasa anafikiria njia ya nyumbani kwao." Aliniita shemeji siku zote, kwa sababu mimi na Severini tulikuwa kama ndugu, tumebatizwa siku moja. Akakunja miwani yake. "Basi chagua wewe, shemeji. Utakayoichagua, hiyo hiyo nitapanda. Keshokutwa."

Nilitoka pale nikakataa lifti ya Filbert. Nilipanda kwa miguu kutoka mjini mpaka Kibosho, na njia nzima mlima ulikuwa umefunikwa na wingu.

Nieleze sasa, maana sitaki mtu aanze kukisia. Severini hakufia Baranko. Hakufia ndani ya hema. Alifia Pangoni, lile pango lililo katika njia ya Umbwe, kule msitu unapokaribia kuisha, mwendo wa kutwa moja tu kutoka getini. Na alifia peke yake.

Tulikuwa Baranko kweli, tumepandisha Wajerumani wanne. Severini alianza kukohoa usiku, asubuhi uso umevimba na kifuani mnasikika maji yakichemka. Kiongozi wetu alikuwa mzee Gaudensi, naye alisema tumlaze, tutume mtu mwenye mbio akalete machela na watu wanne. Mimi ndiye niliyesema hapana, nitamshusha mwenyewe kwa Umbwe, ndiyo fupi, jioni tuko nyumbani. Kwamba ni fupi ni kweli. Kweli nyingine ni kwamba siku hiyo ilikuwa Jumamosi na dada yangu Sabina alikuwa anaolewa, na ile Umbwe inakutua nyuma ya shamba letu. Gaudensi alisitasita, kisha akasema haya nendeni. Alitakiwa anipe mtu wa pili, hakunipa, kwa sababu wageni walikuwa na mizigo mingi.

Severini alitembea mpaka Pangoni. Baada ya hapo miguu ilikataa. Mvua ilikuwa inanyesha, ile ya msituni isiyo na haraka. Nilimlaza ndani ya pango, nikamfunika gunia langu na lake, nikamwambia naenda kuita watu. Akaniambia, "Balta, usikawie." Nikateremka mbio ile mizizi kama nyani, na nia yangu wakati ule ilikuwa njema, Mungu anajua.

Nilifika chini saa kumi na mbili jioni. Ngoma inapigwa, mbege imejaa, watu wananishika mabega, kaka wa bibi harusi amefika. Nikasema nikae kidogo tu, nikisema sasa hivi nitavunja harusi ya Sabina, watu wakishakula nitawaambia. Walipokula nikasema wakishacheza. Nilikunywa. Nilikuwa nimechoka, na kwenye moto palikuwa na joto. Nilipofumbua macho jogoo wanawika.

Sikumwambia mtu hata hapo. Nilipanda mwenyewe, nikamkuta ameshakauka. Amejivuta mpaka mdomoni mwa pango, uso umeelekea chini, njia niliyoendea.

Nikapanda tena mpaka kwa Gaudensi. Alikaa juu ya jiwe muda mrefu, akaniuliza nani anajua. Halafu akasema: Severini alikuwa mzima mlipoachana, wewe ulishuka na ruhusa ya harusi, aliugua ghafla usiku, amekufa hemani, mimi nimemshika mkono. Gaudensi alikuwa na leseni na watoto saba. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na nane na nilikuwa naogopa. Tukamshusha na hadithi hiyo.

Siku ya tatu baada ya maziko, Gaudensi alikata sale. Ule mmea tunaoupanda mipakani na makaburini. Kwetu Uchagani mtu akikujia na jani la sale mkononi akakuomba radhi, umekwisha, huwezi kumkataa, hata awe amekuchomea nyumba. Tulikwenda kwa baba yake Severini, tukapiga magoti wagumu sita. Gaudensi akasema, tumepanda na mwanao, tumerudi bila pumzi yake, tusamehe. Yule mzee alilipokea jani. Na sale likishapokewa, jambo halizungumzwi tena, si nyumbani, si kwenye pombe. Mama Novati alikuwa jikoni na mtoto mgongoni. Hakuulizwa.

Mwezi uliofuata nikaenda Mererani.

Kwa hiyo pale ofisini nilikuwa na njia mbili, si tano za kwenye ramani. Ningesema Machame, ningempeleka mwanamke mwenye moyo mbovu mpaka Baranko akapigie magoti jiwe lolote nitakalomwonyesha, na pengine abaki huko. Au ningesema Umbwe, na niseme kwa nini.

Kesho yake asubuhi nilikata sale mpakani kwetu, nikaenda kwake.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anamkatia ng'ombe majani ya mgomba. Alipoona mkono wangu, aliacha panga chini, akaingiza mikono yote miwili ndani ya khanga aliyojifunga.

"Weka hilo jani chini," akasema.

"Shemeji, nipokee kwanza, halafu nikuambie."

"Nikikupokea itanibidi. Ndiyo maana umelileta."

"Ndiyo maana."

"Basi weka chini. Useme mikono mitupu kama watu wengine."

Nikaliweka juu ya ukingo wa zizi. Ng'ombe akalinusa, nikalisogeza. Nilidhani ningeanza kwa maneno niliyoyapanga njiani, lakini yeye ndiye aliyeanza.

"Mimi nilikuwepo harusini kwa Sabina. Unakumbuka nani alikupa kata ya kwanza ya mbege?"

"Wewe."

"Nikakuuliza Severini yuko wapi."

"Nikasema yuko juu, atashuka na kundi."

"Na kesho yake nikaambiwa amekufa, na wewe humo kwenye hadithi hata kidogo. Nikasema moyoni, Balta alimwacha mwenzake mgonjwa juu akaja kunywa pombe, anaona haya. Miaka yote najua hivyo. Nilishakusamehe hilo, shemeji, ujana. Kama ni hilo, chukua jani lako uende."

"Si hilo."

Nikamwambia lote. Sikuficha hata ule moto wenye joto. Alinisikiliza amesimama, anatazama mguu wa ng'ombe. Nilipofika kwenye uso ulioelekea njia, alikaa chini kwenye majani.

Redio ya jirani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.

"Nilikupa kata mara ngapi?" akauliza.

"Sikumbuki. Tatu. Nne."

"Kila nilipokupa, alikuwa hai."

Nikatazama lile jani pale ukingoni.

"Jibu. Si ulikuja kusema?"

"Alikuwa hai."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa bei na hana la kupunguza. Nikalichukua lile jani, nikapiga magoti, sikujua la kufanya zaidi. Akarudisha mikono ndani ya khanga.

"Hapana, Baltazari." Ilikuwa mara ya kwanza aniite jina langu tangu aolewe na Severini. "Baba mkwe wangu alikuwa mtu mzuri. Mlimpelekea sale akasamehe mlichomwambia. Mlichofanya hakikusamehewa na mtu, kwa sababu hakuna aliyeambiwa. Sasa unataka na mimi nikufungie mlango huo huo kabla sijaingia ndani. Ondoa hilo jani. Mpe ng'ombe."

Sikumpa ng'ombe. Nililikunja mfukoni.

"Pangoni ni mbali gani?"

"Kutwa moja. Kwa mwendo wako, kutwa nzima na kidogo."

"Kumbe angeweza kuniita nikamsikia," akasema. Si kweli, ni mbali, lakini sikumsahihisha. "Mwambie Filbert ni Umbwe. Na wewe utakuwepo."

Filbert alipiga kelele, kisha akapiga simu, kisha akatafuta wagumu wanne na kiti cha kubebea. "Mzee Balta," aliniambia getini wakati mizigo inapimwa, "sijui umemwambia nini shangazi yangu, lakini jana hakula." Nikamwambia atajua. Akasema, "Mimi sipendi mtu anayeniambia nitajua."

Tulianza saa mbili. Kwanza ni barabara ya magogo, baadaye msitu unakuvuta kwa juu na unaanza kushika mizizi kwa mikono. Mama Novati alikataa kiti. Alipanda hatua kumi, akasimama. Hatua kumi, akasimama. Filbert alikuwa nyuma yake, mkono umetangulia kama anafukuza kuku. Wagumu walikuwa wanataniana, mmoja anamwambia mwenzake mke wake amemfungia ndizi mbichi ili asirudi. Walipoona sisi wazee hatucheki, wakaacha.

Mimi nilitangulia. Nilikuwa sijapita njia ile tangu siku zile, na nilidhani nimeisahau. Miguu haikusahau. Kila mzizi niliushika kabla sijautafuta.

Saa nane ukungu uliteremka. Miti ya kule juu ina ndevu za kijivu, zinaning'inia, zinadondosha maji hata kama hakuna mvua. Midomo ya Mama Novati ilikuwa inageuka rangi. Filbert alimkalisha, akampa chai ya chupa, akamshika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo.

"Shangazi, turudi. Umejitahidi. Nakuomba."

"Balta, bado kiasi gani?"

"Saa moja na nusu."

"Na siku ile, kutoka hapa mpaka chini, ulitumia muda gani?"

"Saa mbili. Nilikimbia."

"Ulikimbia," akasema, akasimama.

Kwa kipande cha mwisho alikubali kiti. Wagumu walimbeba kwa zamu, na sehemu nyingine walimpitisha juu ya vichwa vyao kama jeneza. Hakufumba macho hata mara moja.

Pango lenyewe si kitu. Ni mwamba ulioinama, chini yake pakavu, majivu ya mioto ya watu wengine. Tulifika kama saa kumi na nusu. Filbert aliagiza mahema yafungwe pembeni na maji yachemshwe, halafu akakaa kwenye jiwe karibu na sisi, maana sasa alishaanza kuelewa.

"Wapi?" Mama Novati akauliza.

Nikamwonyesha.

"Ulipomlaza, na ulipomkuta. Vyote."

Nikamwonyesha pale ukutani, halafu pale mdomoni. Ni hatua sita. Alizipima kwa miguu yake mwenyewe, amejishikilia kwenye mwamba.

"Lala."

"Shemeji."

"Lala kama alivyokuwa. Sijawahi kumwona hivyo. Mlimleta ameshavalishwa."

Filbert akanyanyuka, akasema shangazi, basi. Hakumsikiliza. Nililala. Udongo ulikuwa baridi na jiwe moja lilinichoma ubavuni. Nikageuza uso kuelekea chini, kule njia inakopotelea kwenye ndevu za miti. Nilikuwa nimelisimulia jambo lile, lakini sikuwa nimeliona kutoka pale. Kutoka pale unaona hatua kumi za njia, baada ya hapo ukungu. Mtu akija utamwona amekaribia sana. Hajaja, huoni kitu.

Sijui nililala hapo muda gani. Hakuniambia niamke. Nilisikia kwamba amekaa nyuma yangu, nikasikia rozari, halafu nikasikia ameiacha katikati.

"Alisema nini tena?"

"Usikawie. Basi."

"Jina langu?"

Ningeweza kusema alilitaja. Ni uongo mdogo, na mtu anaweza kuishi nao. Nilimsikia Filbert ameacha kupumua, alikuwa anataka niuseme.

"Hakulitaja mbele yangu," nikasema. "Baada ya hapo sijui. Sikuwepo."

Maji yakaanza kuchemka kule kwa wagumu.

"Amka," akasema.

Nikaamka. Alikuwa amekaa pale ukutani, mahali pa kwanza, miguu ameinyoosha, khanga mabegani. Uso wake ulikuwa umechoka tu. Nilisubiri aseme kitu ambacho ningekaa nacho, kibaya au kizuri.

"Mimi nitalala hapa," akasema. "Filbert atalala na mimi. Wewe shuka."

"Jua linakwenda. Niache nikae nje huko na wagumu, asubuhi nikusaidie."

"Shuka, Baltazari. Kushuka unakujua."

Filbert alitaka mgumu mmoja anisindikize. Nikamwambia hapana. Alinipa tochi bila kunitazama usoni.

Sikukimbia. Nilishuka mzizi mmoja mmoja, nimeushika, na mvua ikaanza kabla sijafika nusu. Mara mbili nilisimama kusikiliza kama kuna mtu anaita kutoka juu. Hakuna aliyeita. Nadhani nilikuwa nataka kuitwa.

Nilipofika getini usiku ulikuwa umeshaingia. Yule askari wa zamu alifungua daftari, akanisogezea kalamu. Inabidi uandike jina, njia, na saa. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mkono wangu juu ya karatasi.

"Mzee, asubuhi mlipita saba," akasema. "Mbona uko peke yako? Kuna mtu umemwacha huko juu?"

"Nimemwacha."

"Mzima?"

Nikamwambia alikuwa mzima nilipomwacha. Yule askari alinitazama, akaona nimelowa, akasema niingie ndani kuna jiko la mkaa, nijikaushe, nipate na chai. Niliona kupitia mlangoni ule mkaa unawaka mwekundu.

Nikamwambia ahsante, nitakaa hapa hapa barazani. Nikavuta benchi, nikaligeuza kuelekea mlimani, nikakaa kuwasubiri.